Timu bandia ya Togo: Kicheko kilichoficha wizi

JIONI ya Septemba 7, 2010, wachezaji waliovalia jezi za Togo waliingia uwanjani mjini Riffa, Bahrain, kucheza mechi ya kirafiki na timu ya taifa ya nchi hiyo. Walifungwa mabao 3-0. Hata hivyo, kocha wa Bahrain, Josef Hickersberger kutoka Austria, hakuufurahia ushindi huo. Alilalamika kwamba wageni hawakuwa na pumzi ya kumaliza dakika 90 na kwamba mechi haikumsaidia lolote katika maandalizi yake.

Sababu ilijulikana siku chache baadaye. Shirikisho la Soka la Togo lilitangaza kuwa halikutuma timu yoyote Bahrain. Aliyekuwa akikaimu uongozi wa shirikisho hilo, Jenerali Seyi Memene, alisema wachezaji wale walikuwa bandia watupu. Timu halisi ya Togo ilikuwa imecheza Botswana siku tatu kabla, ikafungwa mabao 2-1 katika kuwania kufuzu fainali za Mataifa ya Afrika za mwaka 2012.

Dunia ilicheka, na haikuwa vigumu kucheka. Kughushi cheti cha shule ni jambo lililozoeleka. Kughushi taifa zima, lenye kocha, jezi na wachezaji 11, ni jambo jingine kabisa. Kisa hicho kikaingizwa mara moja katika orodha ya vituko vya soka, kikakaa jirani na kile cha Ali Dia.

Dia, mzaliwa wa Senegal, alipata mkataba wa mwezi mmoja Southampton ya Uingereza mwaka 1996 baada ya mtu kumpigia simu kocha Graeme Souness na kujitambulisha kuwa ni George Weah, mchezaji bora wa dunia wa mwaka uliotangulia na baadaye Rais wa Liberia. Mpiga simu alisema Dia ni binamu yake. Novemba 23 mwaka huo, Matt Le Tissier aliumia katika mechi dhidi ya Leeds na Dia akaingia dakika ya 32. Alihangaika uwanjani kama aliyepotea njia, akatolewa dakika ya 85. Weah alikanusha kuhusika. Mashabiki wa Simba na Yanga, ambao wamepokea uwanja wa ndege nyota wengi waliosifiwa kuliko walivyocheza, hawawezi kuwacheka sana Waingereza kwa hilo.

Waandishi wa habari nao hawana pa kujificha. Januari 2009, gazeti la The Times la London lilichapisha orodha ya vijana 50 wanaochipukia katika soka na kumpa nafasi ya 30 mshambuliaji wa Moldova mwenye miaka 16, Masal Bugduv. Kijana huyo hakuwapo duniani. Alitungwa na mtu aliyesambaza habari zake kidogo kidogo kwenye intaneti, na jina lenyewe likitamkwa kwa haraka linafanana na maneno ya Kiayalandi yenye maana ya punda wangu mdogo mweusi.

Katika visa hivyo viwili hasara ilikuwa aibu tu. Cha Riffa ni cha namna nyingine, na kukiweka kapu moja navyo ni kuwasaidia waliokipanga.

Mechi hiyo ilipatikana kupitia wakala wa Singapore, na mtu aliyehusishwa nayo ni Wilson Raj Perumal, mpangaji matokeo aliyekuwa na mtandao katika mabara kadhaa. Masoko ya kamari ya Asia hupokea fedha nyingi hata kwa mechi ya kirafiki isiyotazamwa na watu wengi. Kwa kawaida, anayetaka kupanga matokeo hulazimika kuhonga kipa, mabeki au mwamuzi, na mmoja wao akikataa au akiropoka, mpango unavunjika. Timu bandia huondoa usumbufu huo wote. Wachezaji dhaifu hawahitaji rushwa ili wafungwe.

Aliyewaongoza wachezaji hao, Tchanile Bana, aliwahi kuwa kocha wa Togo, na alikwishafungiwa miaka miwili kwa kupeleka timu isiyo rasmi katika mashindano nchini Misri. Safari hii alifungiwa miaka mitatu.

Simu moja kwenda Lomé ingetosha kuuzima mpango huo. Lakini biashara ya mechi za kirafiki ilikuwa imeachwa mikononi mwa mawakala: wao hutafuta mpinzani, hulipa nauli na hoteli, hata kuleta waamuzi. Shirikisho lenye uhaba wa fedha huona hiyo ni neema. Mwaka huohuo, Afrika Kusini ilipokuwa ikijiandaa kwa Kombe la Dunia, kampuni ya Football 4U, yenye uhusiano na mtandao huohuo, ilipewa nafasi ya kuteua waamuzi wa mechi za kujipima nguvu. Ripoti ya FIFA ilisema baadaye kuwa matokeo yalichezewa, na mmoja wa waamuzi hao, Ibrahim Chaibou wa Niger, alifungiwa maisha mwaka 2019.

Aliyeumizwa zaidi alikuwa Togo. Januari 8, 2010, basi la timu yake lilishambuliwa kwa risasi Cabinda, Angola, watu wawili wa msafara wakauawa na kipa Kodjovi Obilalé akajeruhiwa vibaya. Timu ilirudi nyumbani kuomboleza, CAF ikaifungia mashindano mawili kwa kujitoa, adhabu iliyofutwa Mei. Miezi minne baadaye jina la nchi hiyo likawa mzaha wa dunia, kwa sababu ya watu ambao haikuwatuma.

Perumal alikamatwa Rovaniemi, kaskazini mwa Finland, Februari 2011, na Julai akahukumiwa kifungo cha miaka miwili. Kilichomponza mwanzoni si mechi yoyote. Mtu alikwenda kituo cha polisi kueleza kuwa Msingapore huyo anasafiri kwa pasipoti ya kughushi, na polisi wakaenda kuikagua.