Simu za Biashara Zisimpore Mwananchi Zamu Yake

Mwananchi amefika ofisini tangu saa mbili asubuhi. Zamu yake imewadia, karani amefungua jalada, na papo hapo simu inalia. Anayepiga si mkuu wa idara anayetaka taarifa, wala si raia mwenye shida. Ni mtu anayeuza bima, au viwanja, au mkopo. Dakika tano zinapita. Simu inawekwa chini, jalada linaanza kusomwa upya, na simu inalia tena.

Jambo hili limezoeleka hata likaonekana dogo. Sisi hatulioni dogo. Saa za kazi si mali ya karani azigawe apendavyo, wala si mali ya mfanyabiashara. Ni mali ya wananchi, ambao kodi zao ndizo zinazolipa mshahara.

Hatusemi kwamba kuuza ni kosa. Muuzaji naye anatafuta riziki, na aghalabu ni kijana anayelipwa kwa hesabu ya wateja aliowapata. Kumtukana hakumfai yeye wala ofisi. Lakini tumelelewa kwamba mgeni hupiga hodi, na akibisha mara tatu asiitikiwe, hurudi alikotoka. Iweje hodi ya simu isiwe na ukomo?

Sheria nayo imekwisha kusema. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inataka ujumbe wa biashara usioombwa uwe na ridhaa ya anayeupokea, umtaje mtumaji na kusudi lake tangu mwanzo, na umpe mpokeaji njia ya kuukataa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inampa mtu haki ya kudai taarifa zake zisitumiwe kumtangazia biashara. Haki isiyodaiwa, hata hivyo, hulala.

Basi wakuu wa ofisi waweke utaratibu. Karani asiye na mamlaka ya kununua hana sababu ya kusikiliza bei. Mwenye bidhaa na aandike barua kwa kitengo cha ununuzi. Karani naye aulize mambo mawili: nani anapiga, na namba ameipata wapi. Kisha aseme kwa adabu kwamba hatutaki, namba iondolewe, aandike tarehe katika daftari na kuweka simu chini. Kazi hiyo haizidi dakika moja. Aliyekataa namba yake binafsi isitumiwe, na bado akaendelea kusumbuliwa, apeleke malalamiko kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi akiwa na kumbukumbu hiyo mkononi.

Hapana budi pia tujitazame wenyewe. Katika ofisi nyingi daftari la wageni liko wazi getini, limejaa majina na namba za simu za kila aliyepita, na yeyote anaweza kulisoma na kunakili. Tunalalamika kwamba namba zetu zimevuja, ilhali sisi wenyewe tumeziacha mlangoni. Daftari hilo lifungwe, na litunzwe na mtu mmoja anayewajibika.

Mwananchi aliye mbele ya dirisha amefunga safari na amesubiri zamu yake. Ahudumiwe kwanza, simu ya muuzaji ingoje.