Risasi Isiyo na Matanga

Wapo wenzetu wasemao kwamba filamu za wauaji ni takataka tupu, zitupwe zote baharini. Wapo na vijana waaminio kwamba penye mlio wa bunduki ndipo penye sanaa. Sisi twazipinga kauli zote mbili, na shahidi wetu ni Assassins, filamu ya Marekani ya mwaka 1995 iliyoongozwa na Richard Donner, ambayo tuliitazama pamoja na vijana wa hapa Mbweni.

Filamu hiyo yahusu walenga shabaha wawili wa kukodiwa. Robert Rath, aigizwaye na Sylvester Stallone, amechoka na kazi ya kuua. Miguel Bain, aigizwaye na Antonio Banderas, ataka kumwondoa ili ashike yeye nafasi ya kwanza. Uzuri wake twaukiri. Mwishoni, mjini San Juan, pambano lageuka kuwa la subira: Bain avizia na bunduki yake katika joto la gofu la hoteli, naye Rath atumaini kwamba asiyejua kungoja atajitoa mwenyewe mafichoni. Mtazamaji hushika pumzi ijapokuwa hakuna risasi iliayo. Huo ndio ufundi, na mvuvi wa Mbweni aujua: mshipi hauvutwi kabla samaki hajameza chambo.

Lakini ubaya wake wauzidi uzuri. Karibu na mwanzo mtu auawa makaburini, katikati ya mazishi. Wauaji wakimbizana, nasi twatakiwa tuwafuate. Aliyeuawa asahauliwa papo hapo. Hana mama, hana matanga. Pwani yetu, msiba huwakusanya hata waliogombana. Humo, mazishi ni kichaka cha kuvizia tu. Kila maiti ina bei, na swali lililobaki ni nani hodari wa kulenga.

Atakayesema kwamba hadithi za namna hii hazina budi kuwa hivyo, na asome Kufa na Kupona ya Elvis Musiba, iliyotoka mwaka 1974. Willy Gamba naye hubeba bastola, lakini nyuma ya bastola hiyo pana ukombozi wa Afrika.

Basi watengenezaji wetu wa filamu waazimao bunduki na miwani myeusi, wakaiacha subira, wamechukua makapi na kumwaga mchele. Twawaambia: mkitaka kumwua mtu katika hadithi, mwueni, lakini mtuonyeshe na nyumba lilipotandikwa jamvi la matanga yake.