Falsafa isiachiwe wenyewe
Makala nzuri, mwandishi, ila hapo uliposema mwanafunzi wa uzamili wa fasihi ya Marekani aiachie falsafa wenyewe, sikubaliani nawe. Mtazame Alain Locke: alipata udaktari wa falsafa Harvard mwaka 1918, na mwaka 1925 akahariri The New Negro, mkusanyiko uliobeba kazi za Langston Hughes na Zora Neale Hurston. Mwandishi W. E. B. Du Bois naye alifundishwa na mwanafalsafa William James hapo hapo Harvard. Fungua kitabu chake The Souls of Black Folk (1903) uone noti za nyimbo za watumwa zilivyopangwa chini ya beti za washairi, mwanzoni mwa sura. Mhakiki asiyejua falsafa atazipita akidhani ni mapambo. Wasimamizi wa tasnifu, waacheni vijana wavuke mipaka ya idara.