Mti Mwembamba kwa Ua Mdogo

Kila mvua za Novemba zinapokaribia, familia za Shinyanga, Kahama na Geita hutuuliza swali moja: viwanja vimebanana, dirisha la jirani linatazama pale tunapopikia na kuanika nguo, tupande mti gani utakaotupatia sitara bila ya kuula ua wote?

Wengi huuchagua mwashoki, mti uliosimama kama mnara na kuinamisha majani yake. Asili yake ni India na Sri Lanka, nao haupukutishi majani yote wakati wa kiangazi. Hata hivyo, yafaa tuelewe kwamba iko miashoki ya namna mbili. Mmoja matawi yake huinama na kushikamana na shina; mwingine hutanua matawi kama miti mingine. Anayetaka sitara katika nafasi finyu autafute ule wa kwanza, na kabla ya kulipa autazame mti mama, kwani miche ikiwa midogo hufanana. Achague mche wenye shina moja lililonyooka, ambao mizizi yake haijajizungusha ndani ya kiriba.

Sifa ya mti huu ndiyo kasoro yake. Wembamba huleta sitara, lakini hauleti kivuli. Anayetaka mahali pa kuketi na watoto baada ya Alasiri, mwarobaini utamfaa zaidi, nao ukishashika huvumilia ukame. Ila hutanuka, hivyo haupaswi kubanwa ukutani. Mvinje nao ni mwembamba, lakini hurefuka mno kwa ua mdogo. Mkalitusi tusiulete kabisa karibu na kisima.

Kisha lipo suala la maji. Mwashoki mchanga huhitaji kumwagiliwa katika miaka yake ya mwanzo, na kiangazi chetu ni kirefu. Kwa nyumba inayonunua maji kwa ndoo, safu ya miche kumi ni mzigo wa kila siku, na mara nyingi mzigo huo humwangukia mama na mabinti. Kwa hiyo baba asiamue peke yake. Amuulize atakayeibeba ndoo. Huenda miche mitatu mbele ya lile dirisha ikatosha.

Mkoa wa Shinyanga umekwisha kulipa gharama ya kupuuza mambo haya. Misitu ilifyekwa ili kufukuza mbung'o na kupanua mashamba ya pamba, hata mwaka 1986 serikali ikaanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, maarufu kama HASHI. Uoto ulirejea kwa sehemu kubwa kupitia ngitili, yaani kwa wananchi kuyafunga malisho yao na kuiacha miti ya asili ichipue. Mwaka 2002 mradi huo ulipata Tuzo ya Ikweta. Funzo lake ni kwamba mti hudumu pale ambapo ardhi na watu wanaweza kuutunza. Huko Geita, ambako magogo hukatwa kuwa matimba ya kuegemeza mashimo ya dhahabu, funzo hilo lina uzito zaidi.

Basi tuchimbe shimo mapema, tuchanganye samadi iliyooza, na tuuweke mti hatua mbili kutoka ukutani. Penye udongo mweusi wa mbuga, tuinue tuta ili maji yasituame mizizini. Ncha tusiikate, maana urefu ndio tulioutaka.

Na kabla ya kupanda, tubishe hodi kwa jirani. Popo na ndege hula matunda ya mwashoki, na mbegu zitaanguka hata upande wake. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa anachokula ndege katika mti wa Muislamu ni sadaka kwake, haitupendezi sadaka hiyo ianze kwa kumuudhi jirani. Akiridhia, nasi tumepata sitara na ujirani mwema kwa pamoja.