Sauti nayo ipewe njia ya mwendokasi

Wadau, leo nina dukuduku.

Juzi nilikuwa Kariakoo, Mtaa wa Congo, dukani kwa shangazi yangu. Anaagiza mikoba Guangzhou kupitia Mbongo mwenzetu aliyeko huko, na wanaongea kwa WeChat. Sauti ikaanza kukatikakatika. Shangazi alisema katoni arobaini. Kule wakasikia arobaini na nane. Mzigo umeshapakiwa, sasa anadaiwa katoni nane ambazo hakuziagiza.

Na bando alikuwa nalo! Alama za mtandao zimejaa! Sasa tatizo nini?

Simu ya intaneti hukatakata sauti kuwa pakiti ndogo, kwa kawaida kila moja ina milisekunde 20 tu za maneno. Filamu inaweza kujipakua kwanza ikakusubiri. Mazungumzo hayasubiri, pakiti ikichelewa, inatupwa. ITU inapendekeza sauti isichelewe zaidi ya milisekunde 150 kwenda upande mmoja.

Zamani tulikuwa na kisingizio. Kabla mkongo wa SEACOM haujafika Dar mwaka 2009 tulitegemea satelaiti, na safari ya angani peke yake ilikula kama robo sekunde. Leo mikongo ipo. Foleni mara nyingi iko hapa hapa mnarani: saa saba mchana Kariakoo nzima iko hewani, anayepakua filamu na anayejadili bei wamepangwa mstari mmoja.

Tazameni Barabara ya Morogoro pale Jangwani. Tangu 2016 mabasi ya mwendokasi yana njia yake. Sauti nayo inawezekana kuipa njia yake, na haili nafasi kubwa: kuna mifumo inayoibana hadi kilobiti 8 kwa sekunde.

Ila nawaonya, njia hiyo isiwe ya simu za kampuni yenyewe tu, huku WhatsApp na WeChat zikisukumwa pembeni. Najua simu hizi zinapunguza mapato ya dakika. Lakini mteja ameshalipia bando, jamani!

Maombi yangu ni mawili. Kampuni zijenge minara kwa kuhesabu watu wa saa saba mchana, sio wanaolala Kariakoo. Na TCRA ipime simu za intaneti mtaa kwa mtaa, itoe majibu hadharani, tujue nani anatuuzia nini.

Vinginevyo katoni nane za shangazi atalipa nani?

Naomba kutoa hoja.