Kikokotoo kimeruhusiwa mtihanini, ila darasani bado ni mgeni

TANGU Waziri wa Elimu Julius Ogamba alipotangaza Aprili 2025 kwamba Hisabati itakuwa somo la lazima kwa kila mwanafunzi wa Sekondari Pevu, mjadala umejikita katika swali la nani asome hisabati ipi. Swali la jinsi somo lenyewe linavyofundishwa limesahaulika.

Kwa mujibu wa uamuzi huo, wanafunzi wa mkondo wa STEM, yaani sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, wanasoma hisabati ya kina. Wenzao wa mikondo ya Sayansi za Jamii na ya Sanaa na Michezo wanasoma hisabati ya mahitaji ya kimsingi. Kundi la kwanza la Gredi ya 10 lilianza masomo Januari 2026 na linatarajiwa kukamilisha Gredi ya 12 mwaka 2028.

Katika mabadiliko hayo yote, kuna kifaa kidogo ambacho hakijapewa uzito unaokistahili. Kifaa hicho ni kikokotoo, au kalkuleta kama wanavyoiita wanafunzi wenyewe. Kwa miaka mingi Kenya imekiruhusu kuingia katika chumba cha mtihani, lakini haijakipa nafasi ya maana katika somo lenyewe.

Maagizo yanayochapishwa kwenye karatasi za Hisabati za KCSE ni wazi. Mtahiniwa anaruhusiwa kutumia kikokotoo kisichotoa sauti na kisichoweza kuwekewa programu, pamoja na majedwali ya Baraza la Mitihani ya Kitaifa (KNEC), isipokuwa pale swali linapoagiza vinginevyo. Ndiyo maana baadhi ya maswali huanza kwa onyo kwamba jibu litafutwe bila kikokotoo wala majedwali.

Mtoto aliyepitia mfumo wa 8-4-4, kwa upande wake, hakuruhusiwa kifaa hicho katika mtihani wa KCPE, ambao ulifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023. Alipojiunga na shule ya upili alikikuta kwenye orodha ya vifaa vya kununua, pamoja na kamusi na seti ya jiometri. Mara nyingi hakupata maelezo yoyote kuhusu kazi yake, zaidi ya kutoa jibu kwa haraka.

Matokeo yake ni tabia mbili zinazoonekana kupingana. Kuna walimu wanaokiacha kitumiwe wakati wowote, mradi jibu lipatikane. Kuna wengine wanaokipiga marufuku hadi kidato cha nne kwa kuamini kwamba kinalemaza akili. Tabia zote mbili zinakichukulia kifaa hiki kama mashine ya majibu, na hakuna hata moja inayokitumia kufundishia.

Wanaokipinga wana hoja ambayo haifai kupuuzwa. Mwanafunzi anayehitaji kubonyeza vitufe ili ajue 7 mara 8 ni ngapi hatapata nafasi ya kufikiria hatua inayofuata katika swali refu. Aidha, katika mtihani wa KCSE, ambao kwa miaka mingi wastani wa alama za Hisabati umekuwa chini ya asilimia 30, ni vigumu kumshawishi mzazi kwamba dawa ni kumpa mtoto mashine.

Hata hivyo, utafiti uliofanywa kwingineko haujathibitisha hofu hiyo kwa jumla. Mwaka 1986, Ray Hembree na Donald Dessart wa Marekani walichanganua tafiti 79 kuhusu vikokotoo shuleni. Walibaini kwamba katika viwango vingi, wanafunzi waliovitumia sambamba na mafunzo ya kawaida waliimarika hata katika kukokotoa kwa kalamu na karatasi. Walitaja tofauti moja: katika darasa la nne, matumizi ya muda mrefu yalionekana kuzuia maendeleo ya stadi hizo za msingi.

Mwaka 2003, Aimee Ellington alirejelea suala hilo kwa kuchanganua tafiti 54. Alibaini kwamba manufaa yalionekana zaidi pale kikokotoo kilipotumiwa katika kufundisha na pia katika kutahini. Tafiti hizi ni za ughaibuni na hazikufanywa katika madarasa yenye msongamano kama ya Kawangware au Kangemi. Lakini funzo lake linaeleweka: kinachoamua ni umri wa mwanafunzi na kazi anayopewa kufanya na kifaa hicho.

Mataifa mengine nayo yamekuwa yakitafuta mizani. Uingereza iliondoa karatasi ya vikokotoo katika mitihani ya mwisho wa shule za msingi mwaka 2014. Mtihani wa Hisabati wa IGCSE wa Cambridge, unaofanywa na baadhi ya shule za kibinafsi jijini Nairobi, uliruhusu vikokotoo katika karatasi zote kwa muda mrefu. Kuanzia mwaka 2025, mtahiniwa wa mtihani huo anafanya karatasi moja bila kikokotoo na nyingine akiwa nacho.

Jirani zetu wa Tanzania walikuwa na msimamo mkali zaidi. Kwa miaka mingi, Baraza la Mitihani la nchi hiyo (NECTA) lilizuia vikokotoo katika mtihani wa Hisabati wa kidato cha nne, na kuwaachia watahiniwa majedwali pekee.

Je, kikokotoo kinaweza kufundisha nini ambacho chaki na ubao haviwezi kufundisha kwa urahisi? Tuchukue mifano michache ambayo mwalimu yeyote anaweza kuijaribu.

Kwanza ni makadirio. Mwalimu anaandika ubaoni 48 × 19 na kuagiza kwamba kila mwanafunzi aandike kadirio lake kabla ya kubonyeza chochote. Anayetambua kwamba 48 inakaribia 50, na 19 inakaribia 20, atasema jibu ni kama 1,000. Kikokotoo kikionyesha 912 ataridhika. Kikionyesha 9,120 atajua kwamba amebonyeza visivyo. Mwanafunzi huyo amejifunza kuikagua mashine badala ya kuiamini tu.

Pili ni zoezi la kitufe kilichoharibika. Darasa linaambiwa kwamba kitufe cha 8 hakifanyi kazi, kisha linatakiwa kutafuta 38 × 6. Mmoja atazidisha 40 kwa 6 na kutoa 12. Mwingine atazidisha 37 kwa 6 na kuongeza 6. Wa tatu atazidisha 19 kwa 2, kisha kwa 6. Wote watafika kwenye 228, na mwalimu atawauliza kwa nini njia tatu tofauti zimeleta jibu moja. Hapo ndipo kanuni za kuzidisha zinapoeleweka.

Tatu ni mpangilio wa matendo. Tuseme utingo wa matatu ya kwenda Kawangware anadai Sh100 za mzigo, pamoja na nauli ya Sh50 kwa kila mmoja wa abiria watatu. Mwanafunzi anabonyeza 100 + 3 × 50. Kikokotoo cha kisayansi kitaonyesha 250. Kile cha kawaida kinachotumiwa na wenye maduka kitaonyesha 5,150, kwa sababu kinajumlisha kwanza kabla ya kuzidisha. Mashine mbili, majibu mawili, na hakuna iliyoharibika. Ni vigumu kupata njia bora zaidi ya kumweleza mtoto kwa nini kuzidisha hutangulia kujumlisha.

Mfano wa nne ni kutafuta kipeuo cha pili cha 10 bila kutumia kitufe chake. 3.1 ikizidishwa kwa yenyewe ni 9.61, na 3.2 ni 10.24. Jibu basi liko katikati. 3.16 inatoa 9.9856, nayo 3.17 inatoa 10.0489. Kwa kalamu pekee zoezi hili lingemaliza kipindi kizima na subira ya darasa. Kwa kikokotoo linachukua dakika chache, na mwanafunzi anaona kwa macho yake jinsi nambari inavyosogelewa bila kufikiwa kikamilifu.

Mazoezi haya hayahitaji kila mtoto awe na kifaa chake. Kwa hakika, yanafaa zaidi wanafunzi wanapoketi watatu watatu na kubishana. Vikokotoo 20 vinatosha darasa la wanafunzi 60.

Jambo hili ni muhimu kwa sababu ya tofauti za kimapato zinazoonekana wazi magharibi mwa Nairobi. Kutoka Lavington hadi Kawangware ni mwendo wa miguu. Katika maduka ya Luthuli Avenue na River Road, vikokotoo vya kisayansi vya bei nafuu huuzwa kwa mamia ya shilingi, na vya kampuni zinazotambulika huvuka Sh1,000. Kwa mzazi wa Lavington hicho ni kitu kidogo. Kwa anayetegemea vibarua, fedha hizo zinashindania nafasi na chakula pamoja na kodi ya nyumba.

Asiyekuwa nacho huingia mtihanini na majedwali. Anaweza kupata jibu sahihi, lakini kwa hatua nyingi zaidi na kwa muda mrefu zaidi kuliko mwenzake anayefanya karatasi iyo hiyo. Kwa hivyo, kuruhusu kifaa bila kuhakikisha kwamba kinapatikana ni kuwapa baadhi ya watahiniwa faida isiyotokana na bidii yao.

Serikali ina mfano wake yenyewe wa kuiga. Mwaka 2018 ilianza kupeleka vitabu vya kiada moja kwa moja katika shule za umma, ili mzigo huo usiwaelemee wazazi. Vikokotoo vinaweza kununuliwa kwa utaratibu uo huo na kuwa mali ya shule, vikihesabiwa na kurejeshwa kabatini kila kipindi kinapokwisha.

Lakini vifaa pekee havitoshi. Mapema miaka ya 1980, Kenya iliachana na ile iliyoitwa hisabati mpya, iliyoingia Afrika Mashariki katika miaka ya 1960 na kuwashinda wazazi na walimu wengi. Mpango wa tabuleti za wanafunzi wa madarasa ya chini, ulioanza kutekelezwa mwaka 2016, nao ulionyesha kwamba kufikisha mashine shuleni ni kazi moja, na kuifanya ifundishe ni kazi nyingine.

Pahali pa kuwaandaa walimu papo. Mradi wa kuimarisha Hisabati na Sayansi, SMASSE, ulianza mwaka 1998 kwa ushirikiano na Japani na kuenezwa kote nchini kuanzia mwaka 2003. Kituo kilichotokana nao, CEMASTEA, kiko mtaani Karen. Msingi wa mafunzo yake ni kwamba mwanafunzi ajifunze kwa kutenda, na mwalimu abuni kwa vifaa alivyo navyo. Kikokotoo kinaingia katika falsafa hiyo bila kulazimishwa.

Kuna hatari moja inayohitaji kuzuiwa mapema. Ni rahisi kudhani kwamba anayesoma hisabati ya kina ndiye anayehitaji kufikiri kwa kutumia kikokotoo, na kwamba mwenzake wa Sanaa apewe tu kifaa cha kumtoa njiani. Ukweli ni kinyume.

Mwanafunzi huyo wa Sanaa akifika umri wa miaka 18 ataanza kupokea arafa za kumshawishi akope kwa simu. Akikopa Sh1,000 kwa riba ya asilimia 10 kwa mwezi, riba ikiongezwa kwenye deni kila mwezi bila yeye kulipa, baada ya miezi 12 atadaiwa Sh3,138. Wengi wanaokisia kwa haraka watasema Sh2,200. Darasani, zoezi hilo linahitaji kubonyeza 1.1 mara 12 na kutazama deni likikua mbele ya macho.

Kabla ya mwaka 2028, basi, Taasisi ya Ustawishaji Mitaala (KICD) inafaa kubainisha ni katika gredi gani na mada zipi kikokotoo kitumiwe kufundishia, na katika zipi kiwekwe kando. KNEC nayo itenganishe mitihani kwa namna hiyo hiyo: sehemu moja ipime stadi za kichwani na kalamu, na nyingine ipime uwezo wa kutatua matatizo kwa msaada wa mashine. Wizara, iliyoko Jogoo House, itenge fedha za kununulia shule za umma vifaa hivyo.

Wanafunzi watakaofanya mtihani huo wa kwanza wa Gredi ya 12 wako darasani tayari. Muda uliosalia unatosha kuwaandaa walimu wao, iwapo maandalizi hayo yataanza muhula huu.