Goma: Taa ya halojeni isiingizwe ndani ya nyumba ya mbao

Jioni ikifika, parsele nyingi za Goma zinawasha taa za nje. Wakaaji wanaogopa wezi wa usiku, na kila mtu anajua kwamba mwizi hapendi mwangaza. Ndiyo sababu projekteri ya halojeni, ile yenye kioo mbele na kijiti chembamba ndani, ilipata wateja wengi. Ikifungwa nje, juu ya ukuta wa matofali, inafanya kazi yake. Ikiingizwa ndani ya nyumba ya mbao, hatari inaanza.

Halojeni ni ndugu ya ampule ya zamani. Ndani kuna uzi wa tungsteni unaowaka kwa umeme, pamoja na gesi yenye ayodini au bromini inayosaidia uzi usiishe upesi. Lakini gesi hiyo haifanyi kazi kama kioo cha taa hakijapata joto la digrii 250 ao zaidi. Taa hiyo imetengenezwa iwe moto sana. Pazia, bashi ao mbao kavu ikikaa karibu nayo kwa saa nyingi inaweza kuwaka.

Goma inajua vizuri nyumba za mbao. Tangu volkano ya Nyiragongo ilipofunika sehemu ya mji mwaka 2002, familia nyingi zilijenga kwa mbao juu ya mawe ya lava. Nyumba zimebanana, na njia nyingine ni nyembamba hata gari la wazima moto haliwezi kupita. Nyumba moja ikishika moto, moto hauulizi mpaka wa parsele. Kwa hiyo taa ambayo baba mmoja amefunga vibaya ni shida ya jirani zake wote.

Halojeni zenyewe ni za aina mbalimbali. Kuna kijiti kirefu cha projekteri, chenye wati 100 mpaka 500, kwa kuangazia nje. Kuna spoti ndogo zinazofungwa ndani ya plafo, nyingine za volti 230, nyingine za volti 12 zenye transfoma. Kuna pia vile vidogo kama kidole, vya taa za mezani, na ampule zenye umbo la kawaida, za visi ao za bayoneti. Spoti za plafo ndizo za kuogopa zaidi: joto lao linabaki juu, kati ya mbao na bati, mahali ambapo hakuna anayetazama.

Kuna watu wanaoitetea halojeni, na hawasemi uongo. Mwangaza wake ni mzuri, unaonyesha rangi kama zilivyo. Fundi cherehani anaujua. Tena LED za bei ya chini zinakufa haraka umeme ukipanda na kushuka. Lakini halojeni nayo haipendi umeme wa namna hiyo: volti zikipanda uzi unakatika, zikishuka sana kioo kinaweza kuwa cheusi.

Halafu kuna hesabu ya pesa. Projekteri ya wati 500 ikiwaka saa 12 kila usiku inakula kilowati-saa 6, ni kusema 180 kwa mwezi. LED ya wati 100, inayotoa mwangaza unaokaribia ule, inakula 36 tu. Mwenye kununua uniti kabla ya kuwasha anaelewa tofauti hiyo bila kufundishwa. Umoja wa Ulaya nao uliondoa ampule nyingi za halojeni sokoni tangu Septemba 2018, sababu zinakula umeme mwingi.

Kwa hiyo mzigo huu usiachiwe mnunuzi peke yake. Muuzaji wa Birere amwambie mteja aina ya taa anayoichukua na mahali pa kuifunga. Fundi wa umeme akatae kuweka spoti ya halojeni ndani ya plafo ya mbao, hata mwenye nyumba akisisitiza. OCC, yenye kazi ya kupima ubora wa bidhaa zinazoingia inchini, iangalie pia taa, maana taa mbovu inaweza kuua.

Na mwenye kuwa nayo tayari? Aifunge nje, kwenye matofali, mbali na mti na bashi. Asome alama ya mita iliyoandikwa juu yake: inaonyesha umbali wa kuheshimu mbele ya kitu kinachoweza kuwaka. Akibadilisha kijiti, akate umeme kwanza, angoje kipoe, kisha akishike kwa kitambaa safi, sababu mafuta ya vidole yanaweza kupasua kioo. Ndani ya nyumba, aweke LED nzuri. Bei yake dukani inaweza kuwa juu kidogo, lakini haifiki bei ya kujenga nyumba upya.